SETILAITI NA MWANAKIJIJI: KAZI YA SHIRIKA LA ANGA LA INDIA



Katika mikutano mikuu ya vyama vyetu kuna swali moja lisilokosekana, nalo ni hili: fedha hizi zilizotumika, mwanachama amepata nini? Swali hilo huulizwa juu ya lori, juu ya ghala, juu ya mashine ya kukoboa kahawa, na siku hizi juu ya kompyuta. Ni swali la haki, na jibu lake halina budi kutolewa kwa hesabu, wala si kwa maneno matamu.

Makala haya yanalichukua swali hilo hilo na kulielekeza mahali ambapo aghalabu halielekezwi, yaani kwenye anga za juu. Watu wengi hudhani kwamba roketi na setilaiti ni mambo ya mataifa tajiri, na kwamba maskini akijiingiza humo anapoteza fedha ambazo zingemchimbia kisima. Iko nchi moja iliyoingia katika kazi hiyo ingali maskini, ikaulizwa swali hilo na wananchi wake yenyewe, na ikaona ni wajibu wake kulijibu. Nchi hiyo ni India, na chombo kilichokabidhiwa kazi hiyo ni shirika la serikali la utafiti wa anga za juu, linalojulikana duniani kwa jina la ISRO. Tutaeleza jinsi lilivyoanza, kazi lilizofanya, hasara lilizopata, na kwa nini faida ya setilaiti haishuki kijijini yenyewe tu, bila ya kuwapo watu waliojipanga kuipokea.

MWANZO KATIKA KIJIJI CHA WAVUVI

Mwanzilishi wa kazi hii alikuwa Dkt. Vikram Sarabhai, aliyezaliwa mwaka 1919 katika mji wa Ahmedabad, mtoto wa ukoo uliokuwa na viwanda vya nguo. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na mwaka 1947, mwaka ule ule India ilipopata uhuru, alianzisha maabara ya utafiti wa fizikia mjini kwao. Mwaka 1962 serikali iliunda kamati ya taifa ya utafiti wa anga, naye akawa mwenyekiti wake.

Kamati ilihitaji mahali pa kurushia roketi ndogo za kupimia hewa ya juu. Palichaguliwa Thumba, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India, kwa sababu ikweta ya sumaku ya dunia inapita karibu na hapo, na wataalamu walitaka kuchunguza mikondo ya umeme iliyomo katika hewa ya juu ya mahali kama hapo. Kijijini palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Askofu na waumini wake walikubali kulitoa, likageuzwa kuwa ofisi na karakana. Vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka kutoka pwani hiyo. Roketi yenyewe ilikuwa imetolewa na Marekani. Jengo la kanisa halikubomolewa, na hata leo linatumika kama makumbusho ya anga.

Tarehe 15 Agosti 1969, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa India, ISRO iliundwa rasmi. Dkt. Sarabhai alikwisha kueleza shabaha yake waziwazi. Alisema kwamba India haikuwa na ndoto ya kushindana na mataifa tajiri katika kwenda mwezini. Lakini kama nchi hiyo inataka kuwa na maana kwa watu wake, basi isikubali kuwa nyuma ya yeyote katika kuutumia utaalamu wa kisasa kutatua shida halisi za wananchi. Alifariki dunia tarehe 30 Desemba 1971, akiwa na umri wa miaka 52, kabla hajaona setilaiti hata moja ya nchi yake. Tangu mwaka 1972 hadi mwaka 1984 shirika liliongozwa na Profesa Satish Dhawan.

SETILAITI NI NINI

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze setilaiti ni kitu gani. Ni chombo kinachopelekwa na roketi hadi juu kabisa ambako karibu hakuna hewa, kisha kikaachwa kiizunguke dunia. Hakina injini inayokisukuma saa zote. Kinaanguka daima kuelekea duniani. Lakini kwa kuwa kinakwenda mbele kwa kasi kubwa, na uso wa dunia nao unapinda chini yake, hakifiki chini. Mwezi nao huizunguka dunia kwa kanuni hiyo hiyo.

Kwa kazi tunazozungumzia, setilaiti ni za namna mbili. Namna ya kwanza huwekwa juu ya ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 36,000. Huko juu setilaiti huchukua muda wa siku moja kumaliza mzunguko, sawasawa na muda ambao dunia huchukua kujizungusha. Kwa hiyo mtu aliye chini huiona kana kwamba imesimama mahali pamoja. Setilaiti hiyo ni kama mnara wa redio ulio mrefu kupita kiasi: ujumbe hupelekwa kwake kutoka kituo kimoja, nayo huurudisha chini juu ya nchi nzima, milima na misitu isiweze kuuzuia. Hufaa kwa simu, kwa televisheni, na kwa kuyaangalia mawingu bila kupumzika.

Namna ya pili huzunguka chini zaidi, kwa kawaida pungufu ya kilometa 1,000, ikipita karibu na ncha zote mbili za dunia. Dunia inapojizungusha chini yake, setilaiti huipiga picha vipande kwa vipande, mfano wa mtu anayepaka rangi ukuta kwa mistari. Hii ndiyo itumikayo kuchunguza mazao, misitu, maji na ardhi.

MWAKA MMOJA WA KUAZIMA

Mwaka 1969 India na Marekani zilitiliana sahihi mapatano ambayo faida yake ilionekana miaka sita baadaye. Marekani ilikuwa na setilaiti yenye nguvu iliyoitwa ATS-6, nayo ikakubali kuiazima India kwa mwaka mmoja. Setilaiti hiyo ilisogezwa hadi ikawa juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 35 mashariki. Mtu akitazama ramani ataona kwamba mahali hapo ni magharibi ya Kenya, si mbali na Kisumu. Hivyo kwa mwaka mzima vijiji vya India vilipata matangazo yake kutoka katika anga ya Afrika Mashariki.

Jaribio lilianza tarehe 1 Agosti 1975 na kumalizika tarehe 31 Julai 1976. Vilichaguliwa vijiji vipatavyo 2,400 katika majimbo sita, vingi vikiwa miongoni mwa vijiji vilivyokuwa nyuma sana. Kila kijiji kilipewa televisheni moja ya watu wote, pamoja na dishi la upana wa mita tatu lililotengenezwa kwa wavu wa waya kama ule wa banda la kuku. Matangazo yalikuwa ya saa nne kwa siku. Asubuhi yalikuwa ya wanafunzi, na jioni ya watu wazima. Yalihusu kilimo, mifugo, afya, uzazi wa mpango na lishe, nayo yalitolewa kwa lugha nne kufuatana na majimbo. Wakati wa likizo za shule, karibu walimu 50,000 wa shule za msingi walifundishwa sayansi kwa njia hiyo.

Jambo linalomgusa zaidi mkaguzi ni kwamba ISRO haikuridhika na kutangaza tu. Ilituma watafiti vijijini, baadhi yao wakakaa na wanakijiji kwa miezi mingi, kusudi wajue nani anakuja kutazama, anaelewa nini, na anatenda nini baadaye. Matokeo yao hayakuwa sifa tupu. Waligundua kwamba umati wa siku za mwanzo ulipungua mara ugeni wa kitu ulipokwisha. Waligundua pia kwamba waliopata maarifa mengi zaidi, wakilinganishwa na hali yao ya kwanza, ni wale ambao hawakuwa na njia nyingine ya kupata habari, hasa wanawake na watu wasiojua kusoma. Taarifa inayotaja upungufu pamoja na mafanikio ndiyo taarifa ya kuaminika.

Mwaka ulipotimia, mwenye setilaiti aliichukua. Televisheni za vijijini zikazimika kwa upande wa matangazo hayo, ijapokuwa sehemu ya vijiji ilihudumiwa baadaye na mitambo ya ardhini. Kwa wanakijiji waliokwisha kuzoea, hilo lilikuwa pigo. Kwa taifa lilikuwa fundisho: kitu cha kuazima hufaa kwa kujifunzia, lakini huwezi kujenga juu yake kazi ya kudumu. Tangu hapo India ilizidisha juhudi ya kupata setilaiti zilizo mali yake.

WILAYA YA KHEDA NA NYUMBA YA MAZIWA

Katika mwaka huo huo wa 1975 ulianza mradi mwingine, mdogo zaidi, ambao kwetu sisi wanaushirika una mafundisho makubwa. Mradi huo uliendeshwa katika wilaya ya Kheda, jimbo la Gujarat.

Wilaya hiyo, ambayo zamani iliandikwa Kaira, ndiyo chimbuko la ushirika wa maziwa wa India. Mwaka 1946 wafugaji wake walichoshwa na bei waliyopewa na mfanyabiashara aliyekuwa mnunuzi pekee. Wakagoma kuuza maziwa, na chini ya uongozi wa Tribhuvandas Patel wakaandikisha chama kikuu chao mjini Anand. Mwaka 1949 alijiunga nao mhandisi kijana, Verghese Kurien, aliyekuja kuwa meneja wao na kufanya kazi hapo kwa miaka mingi. Bidhaa zao zilipewa jina la Amul, jina ambalo leo linajulikana katika kila pembe ya India. Msingi wa kazi ni chama cha kijiji: asubuhi na jioni wafugaji huleta maziwa, hupimwa wingi wake na mafuta yake, kisha kila mmoja huandikiwa haki yake.

ISRO ilijenga mtambo wa kurushia matangazo katika kijiji cha Pij, na studio mjini Ahmedabad. Televisheni zaidi ya 600 ziligawanywa katika vijiji vipatavyo 400. Ziwekwe wapi? Zikiwekwa katika nyumba ya tajiri wa kijiji, maskini hataingia. Zikiwekwa mahali pasipo na mwenyewe, zitaharibika. Kwa hiyo nyingi ziliwekwa katika nyumba ya chama cha maziwa. Hapo palikuwa na jengo, palikuwa na kufuli na mtu wa kulitunza, na zaidi ya yote, palikuwa na watu: kila jioni wafugaji walikusanyika kwa ajili ya maziwa yao.

Vipindi navyo havikutengenezwa kwa kukisia. Watayarishaji walikwenda vijijini kuuliza shida za watu, na wanakijiji wenyewe wakashiriki. Yakaonyeshwa maigizo juu ya vibarua waliodhulumiwa ujira, juu ya ubaguzi wa matabaka, juu ya ulevi, na juu ya uendeshaji wa vyama vya ushirika. Mwaka 1984 mradi huu ulipata tuzo ya UNESCO kwa mawasiliano ya vijijini.

Katika hayo yote, sehemu ya roketi na mitambo ilikuwa kubwa, lakini sehemu ya nyumba ya maziwa haikuwa ndogo. Wataalamu wa anga walikuta kijijini chombo kilicho hai, chenye daftari, chenye uongozi wa kuchaguliwa, na kinachoaminiwa na wanachama. Pasipokuwa na chombo kama hicho, mashine huishia kuwa pambo.

HASARA NA UWAJIBIKAJI

Haifai kudhani kwamba shirika hili lilifaulu katika kila jambo. Setilaiti ya kwanza ya India, iliyoitwa Aryabhata, ilirushwa na roketi ya Urusi ya Kisovieti tarehe 19 Aprili 1975. Baada ya siku chache tu hitilafu ya umeme ilivikatisha vipimo vya kisayansi ilivyopelekwa kufanya. Hata hivyo, mafundi waliendelea kuwasiliana nayo, na wakajifunza kuunda na kuongoza chombo cha angani.

Tarehe 10 Agosti 1979 ilirushwa roketi ya kwanza ya India ya kubeba setilaiti, iliyoitwa SLV-3, kutoka kisiwa cha Sriharikota katika pwani ya mashariki. Kwa sababu ya hitilafu ya vali katika sehemu yake ya pili, tindikali iliyotumika kuiongoza ilivuja, na baada ya dakika tano hivi roketi ilianguka katika Ghuba ya Bengal. Kiongozi wa mradi alikuwa Bwana A.P.J. Abdul Kalam, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 2002 hadi mwaka 2007, alikuwa Rais wa India. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku ile Profesa Dhawan hakumsukuma mbele ya waandishi wa habari. Alikwenda mwenyekiti mwenyewe, akakubali kwamba shirika limeshindwa, na akasema anawaamini watu wake. Tarehe 18 Julai 1980 roketi hiyo ilirushwa tena na ikafaulu kuipeleka angani setilaiti ndogo ya Rohini. Safari hiyo Profesa Dhawan alimwambia Bwana Kalam aende yeye kuzungumza na waandishi. Wenyeviti wa halmashauri na mameneja wa vyama na walitafakari jambo hilo: lawama ilibebwa na mkubwa, na sifa wakapewa waliofanya kazi.

Mwaka 1981 ilirushwa setilaiti ya majaribio ya mawasiliano iliyoitwa APPLE. Ipo picha yake mashuhuri ikiwa juu ya gari la ng'ombe. Wengine huitazama wakacheka umaskini, lakini sababu ilikuwa ya kitaalamu: antena yake ilikuwa ikipimwa, na gari la chuma lingevuruga vipimo, ambapo gari la mbao halikuvuruga. Mwenye akili hutumia kifaa kinachofaa, hata kama ni cha zamani.

Mwaka 1982 ilipotea INSAT-1A, iliyokuwa imenunuliwa Marekani. Haikumaliza hata miezi sita ya kazi, kwani iliishiwa mafuta ya kujiongozea. Mwenzake, INSAT-1B, ilipelekwa mwezi Agosti 1983, nayo ikafanya kazi vizuri. Kwa setilaiti hiyo televisheni na simu za India zilipanuka upesi, na picha za mawingu zikaanza kupatikana mfululizo. Mwaka 1992 ilirushwa INSAT-2A, iliyoundwa na Wahindi wenyewe. Kwa hiyo tangu mwaka wa kuazima hadi mwaka wa kuunda chao wenyewe ilipita miaka kumi na saba.

KUYATAZAMA MASHAMBA KUTOKA JUU

Tarehe 17 Machi 1988 India ilipata setilaiti yake ya kwanza ya kazi ya kuchunguza ardhi, IRS-1A. Ilizunguka kwa urefu wa kilometa zipatazo 900, na ilirudi juu ya eneo lile lile kila baada ya siku 22.

Je, picha yaweza kumtambulisha mtu zao lililo shambani? Jani bichi lenye afya hurudisha kwa wingi aina fulani ya mwanga usioonekana kwa macho yetu, lakini unaoonekana kwa kamera maalumu. Jani linalonyauka hurudisha kidogo. Tena kila zao lina wakati wake wa kuchipua, kukomaa na kukauka. Wataalamu wakilinganisha picha za tarehe mbalimbali, na kuzipima kwa ukaguzi wa mashamba machache waliyoyatembelea kwa miguu, waweza kukadiria ukubwa wa eneo lililopandwa ngano au mpunga, na mavuno yatakayopatikana, kabla ya mavuno yenyewe.

Kila katibu anajua thamani ya kazi hiyo. Chama kisichokuwa na makisio mema ya mazao hukodi malori yasiyotosha, huagiza magunia pungufu, au hukopa fedha za ununuzi kupita kiasi na kulipa riba ya bure. Lakini lazima tuseme na mipaka yake. Katika kamera moja ya IRS-1A, kila nukta ya picha ilikuwa eneo la mita 72 hivi kwa mita 72, ambalo ni zaidi kidogo ya ekari moja na robo. Picha ya namna hiyo yaweza kueleza habari za wilaya, lakini haiwezi kumwona mkulima wa nusu ekari. Setilaiti zilizofuata zina macho makali zaidi. Hata hivyo ukaguzi wa shambani haujaondolewa na picha, na daftari la wanachama la chama cha kijiji bado ndilo lijualo nani amelima nini.

Wavuvi nao wamepata sehemu yao. Setilaiti hupima joto la uso wa bahari na rangi ya maji, ambayo huonyesha mahali penye vijimea vidogo vinavyoliwa na samaki. Kituo cha serikali kilichoko Hyderabad hukusanya habari hizo na kutoa matangazo kwa lugha za pwani, yakitaja maeneo ambako samaki yaelekea watapatikana. Mvuvi asiyezunguka ovyo baharini huokoa mafuta na muda. Hivyo kazi iliyoanzia katika kanisa la wavuvi imewarudia wavuvi.

KIMBUNGA CHA 1999 NA KIMBUNGA CHA 2013

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa vimbunga. Mwezi Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kililipiga jimbo la Odisha, ambalo wakati ule liliitwa Orissa. Watu wapatao 10,000 walikufa. Tufahamu kwamba setilaiti zilikuwapo, na kimbunga kilionekana kikija. Kilichopungua kilikuwa chini: njia za kuufikisha ujumbe hadi kijiji cha mwisho, majengo imara ya kukimbilia, na utaratibu wa kuwahamisha watu.

Baada ya msiba huo jimbo lilijenga majengo ya kujihifadhi, likaunda kamati za vijiji, na likafanya mazoezi. Tarehe 12 Oktoba 2013 kimbunga kingine kikali, kilichoitwa Phailin, kiliingia pwani hiyo hiyo. Safari hii watu wapatao milioni moja walikuwa wamehamishwa kabla hakijafika. Nyumba na mashamba viliharibika sana, lakini waliopoteza maisha walikuwa makumi, si maelfu.

Setilaiti zilikuwapo mara zote mbili. Tofauti kubwa ilitokana na mpangilio wa watu walio chini. Hilo ndilo jambo ambalo makala haya yanataka lishikwe na kila msomaji: habari inayotoka juu haimwokoi mtu wala haimtajirishi, mpaka pawepo chombo cha wananchi cha kuipokea, kuisambaza na kuitumia.

MWEZI, MARS, NA HAKI YA KUULIZA

Msomaji aweza kusema: lakini India haikuishia kwenye mashamba na vimbunga. Ni kweli. Mwaka 2008 ilituma chombo cha Chandrayaan-1 kuuzunguka mwezi, na mwaka uliofuata vipimo vyake, kikiwamo kipimo kilichotolewa na Marekani, vilionyesha dalili za maji katika udongo wa mwezi. Tarehe 24 Septemba 2014 chombo chake kingine kilifika kwenye sayari ya Mars katika jaribio la kwanza, kwa gharama ya rupia zipatazo bilioni 4.5, kiasi kidogo kikilinganishwa na gharama za mataifa mengine kwa safari kama hiyo. Mwezi Septemba 2019 jaribio la kutua mwezini lilishindikana. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha Chandrayaan-3 kilitua salama karibu na ncha ya kusini ya mwezi, na India ikawa nchi ya nne kutua mwezini.

Je, hayo ndiyo aliyoyataka Dkt. Sarabhai, ambaye alisema nchi yake haikuwa na ndoto ya kushindana katika kwenda mwezini? Wako wananchi wa India wanaouliza hivyo mpaka leo. Wengine hujibu kwamba safari hizo huongeza ujuzi, huwavuta vijana kwenye sayansi, na gharama yake ni sehemu ndogo ya matumizi ya serikali. Wengine huona kwamba kijiji kisicho na maji safi kingetangulizwa. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba ni kazi yake kuamua ugomvi huo. Analoona ni kwamba swali lenyewe ni dalili ya afya. Shirika linaloulizwa na wenye mali yao, likalazimika kuonyesha hesabu na matokeo, halipotei njia upesi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwetu sisi mambo haya hayako mbali. Utabiri wa mvua tunaosomewa redioni na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unategemea, pamoja na vituo vya ardhini, picha za setilaiti. Habari inatufikia. Lililobaki ni kuangalia mapokezi yake katika chama chetu. Kwa hiyo inashauriwa kwamba halmashauri ya kila chama cha msingi izingatie mambo haya manne:

Kwanza, awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina katika kumbukumbu za mkutano, ambaye kazi yake ni kupokea utabiri wa msimu na tahadhari za hali ya hewa, na kuzibandika kwenye ubao wa chama siku ile ile.

Pili, kwa wanachama wasiojua kusoma, habari hizo zisomwe kwa sauti siku za kupokea mazao au za kugawa pembejeo, wakati watu wamekusanyika. Kheda haikuwaita watu kwenye televisheni. Iliipeleka televisheni mahali ambapo watu walikuwa wakienda.

Tatu, liwekwe daftari la kuandika utabiri ulisema nini na mvua ilinyesha vipi. Baada ya misimu michache chama kitakuwa na hesabu yake chenyewe, wala hakitategemea kusifu au kulaumu kwa mazoea.

Nne, kifaa chochote kipya kinaponunuliwa, halmashauri iandike kabla ya ununuzi faida inayotarajiwa, na baada ya mwaka ilete mbele ya mkutano mkuu matokeo halisi, pamoja na upungufu wake.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji roketi. Yanahitaji ubao, daftari, kalamu, na katibu mwaminifu. Vyama vinavyokaguliwa mwaka huu vijiandae kuonyesha daftari hilo pamoja na vitabu vingine.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika